Roketi ya kwanza ya mtoto: ununue ipi ukiwa Arusha au Moshi

Kabla hujalipia roketi yoyote ya mfano, uliza kwanza inasukumwa na nini, na hicho kitu utakipata wapi mara ya pili. Mtoto akishaona kitu alichokiunda kwa mikono yake kinapaa, kesho yake asubuhi atataka kurusha tena. Kama cha kuisukuma kinatoka ng'ambo, roketi itabaki pambo la kabatini. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga hapa chini, nikimfikiria mzazi au mwalimu anayenunua kwa pesa yake mwenyewe.

Namba moja: roketi ya maji

Hii naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Chupa ya soda inajazwa maji kama theluthi moja, inageuzwa mdomo chini, kisha hewa inajazwa kwa pampu. Mdomo ukiachia, hewa inayasukuma maji chini kwa nguvu na chupa inakwenda juu. Ni sheria ya tatu ya Newton, ile ile inayofundishwa sekondari, ila hapa inakulowesha.

Pesa yako ipeleke kwenye pampu. Nunua ya kusimama yenye geji, ile inayokanyagwa miguu miwili huku ukisukuma kwa mikono. Pampu ndogo ya kufunga kwenye fremu ya baiskeli itakuchosha bure, na bila geji hujui umejaza kiasi gani. Geji ikisoma psi 30 inatosha kwa kuanzia. Sishauri kupita 60 kwa roketi ya watoto, hata kama chupa inaonekana bado iko imara.

Chupa iwe ya soda, ya lita moja na nusu au mbili. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba, hazikutengenezwa kubeba gesi, kwa hiyo zisitumike kabisa. Ikague kwenye mwanga: ukiona mikwaruzo mirefu au alama nyeupe ya kukunjika, itupe. Mapezi ya boksi gumu yabandike kwa selotepu pana, maana gundi ya moto inailegeza plastiki pale pale inapohitaji nguvu.

Kinachobaki ni valvu, na hapo ndipo wengi wanakwama. Nenda kwenye kibanda cha kuziba pancha useme: "Fundi, naomba unikatie valvu ya tyubu chakavu ya bodaboda, uniachie na mpira kidogo shinani." Usichukue ya baiskeli za kizamani, kwa kuwa vichwa vya pampu nyingi zenye geji haviishiki. Valvu hiyo inapita katikati ya kizibo cha mpira kinachobana mdomo wa chupa. Kizibo cha namna hii hujiachia chenyewe muda wowote, kwa hiyo mpira wa pampu uwe mrefu, mita tano au zaidi, na mtu asiinamie chupa iliyojaa hewa. Miwani ya kinga ya mafundi wa kuchomelea nayo haikwepeki.

Parachuti zamani ilikatwa kwenye mfuko wa rambo. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, kitambaa cha mwavuli uliovunjika ndicho bora zaidi: chepesi, hakiloi upesi, na kimeshakatwa pembetatu. Ikate kubwa kidogo kuliko unavyodhani. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na roketi inashuka kwa kasi zaidi kuliko ingeshuka Tanga.

Namba mbili: roketi ya kukanyaga

Mtoto anaruka juu ya mfuko wa hewa, hewa inapita kwenye bomba, na roketi ya sponji au karatasi inaruka. Kwa walio chini ya miaka minane naipendelea kuliko zote. Ukiiona kwenye mitumba, pale Memorial Moshi au Kilombero Arusha, kanyaga mfuko kabla hujalipa usikilize kama unavuja. Ikikosekana, chupa ya soda na bomba la plastiki la nusu inchi vinafanya kazi ile ile.

Namba tatu: seti za injini ya baruti

Hizi ndizo zinazopendeza zaidi kwenye picha. Kampuni ya Estes ya Marekani, iliyoanzishwa 1958, inaziuza hadi leo, na seti kama Alpha III inaunganishwa kwa muda mfupi na inaweza kupita mita 300. Injini zake zina maandishi kama A8-3: herufi ni jumla ya nguvu, na kila herufi inayofuata huweza kufikia maradufu ya iliyotangulia, 8 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, 3 ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijarushwa nje.

Tatizo ni kwamba seti nyingi huuzwa bila injini, na injini ni kilipuzi. Ndugu yako hawezi kukuletea kwenye begi la ndege, hata lile la chini, na posta hazipokei. Hapa nchini vilipuzi vinahitaji kibali. Kwa hiyo nunua seti hii kwa ajili ya shule au klabu iliyo tayari kufuatilia vibali, siyo kwa zawadi ya sikukuu.

Baruti za fataki, vichwa vya viberiti na mchanganyiko wowote wa kutengeneza nyumbani haviko kwenye orodha hii. Vinakata vidole.

Mahali pa kurushia

Uwanja wa mpira wa shule unatosha kwa roketi ya maji. Rusha asubuhi, upepo haujaamka. Kaa mbali na njia za ndege: Kisongo kwa Arusha, uwanja mdogo wa Moshi, na KIA. Kwa roketi ya baruti ongeza jambo moja: kuanzia Julai nyasi zimekauka, na kwa walio upande wa TPC, shamba la miwa si jirani wa kuchezea moto. Mwagia maji eneo la kurushia, na ndoo nyingine ya maji iwe karibu.