Path of Exile 2: gemu bado haijaiva, ila dola 30 zake ni halali

Lalamiko linalorudiwa zaidi kuhusu Path of Exile 2, gemu ya kupigana na mazimwi inayouzwa kabla haijakamilika, ni hili: bosi hafi. Mchezaji anampiga dakika tano, sita, chupa za dawa zinakauka, kisha pigo moja linamlaza chini. Anasema gemu ni ngumu kupita kiasi, anaizima. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye silaha. Wahusika kama Warrior, Ranger, Monk, Mercenary na Huntress hupiga kwa nguvu iliyoandikwa kwenye silaha yenyewe, na ujuzi kazi yake ni kuizidisha. Ukifika kiwango cha 15 ukiwa bado na rungu la kiwango cha 5, hakuna kito (jiwe linalokupa ujuzi) kitakachokuokoa. Kwa mchawi anayerusha moto au barafu mambo ni tofauti: uganga wake unategemea kiwango cha kito, kwa hiyo yeye asikae na kito cha zamani.

Dawa yake ni rahisi, na haihitaji bahati. Kila unapopanda kiwango, wauzaji wa kambini hubadilisha bidhaa, basi pita kwa mhunzi kabla ya kurudi porini. Ukiona silaha nyeupe, yaani isiyo na sifa za ziada, ya aina kali kuliko yako, inunue. Kisha tumia Orb, sarafu za gemu zinazoboresha vitu: Orb of Transmutation itaipa sifa moja na kuifanya ya bluu, Augmentation itaongeza ya pili. Zikitoka sifa za kuongeza madhara, tia Regal Orb iwe ya njano (adimu), kisha Exalted Orb, ambayo kila ukiitumia huongeza sifa moja hadi zifike sita. Zikitoka mbovu, achana nayo, chukua nyeupe nyingine. Waliotoka kwenye gemu ya kwanza wawe macho na Chaos Orb: hapa haibadilishi kitu chote, huondoa sifa moja na kuingiza nyingine, zote kwa kubahatisha, na inaweza kukuondolea ile uliyoipenda.

Vitu usivyovihitaji usiviuze vyote kwa dhahabu. Vya bluu na vya njano vivunje kwa muuzaji, upate vipande vya Transmutation na Regal. Vyenye matundu vipeleke kwenye Salvage Bench, meza ya kuvunjia vitu, upate vipande vya Artificer's Orb, ile inayotoboa tundu la kuwekea rune (jiwe la kuongeza nguvu). Meza hiyo haifunguki mpaka umletee Renly, mhunzi wa kambini, zana zake kutoka Ogham Village, na wengi hupita kijiji hicho mbio bila kuzitafuta.

Upande wa kujilinda ndiko watu wanakoumia zaidi. Kinga za moto, baridi na radi zina kikomo cha asilimia 75, lakini gemu hukunyang'anya 10 kila hatua kubwa ya safari, hadi zimeondoka 60. Ndiyo maana mtu aliyekuwa mzima sehemu ya kwanza anaanza kufa ovyo sehemu ya tatu bila kuelewa kilichobadilika. Deraya kwa kawaida hupunguza mapigo ya mwili tu, na kadiri pigo linavyokuwa kubwa ndivyo inavyosaidia kidogo. Dhidi ya radi ya bosi ni kama shati. Ngao ya nishati nayo huliwa maradufu na madhara ya chaos, aina ya madhara isiyo ya moto, baridi wala radi. Pete na mkanda wenye kinga mbili vina thamani kuliko deraya nene isiyo na kitu.

Kujiviringisha hakuna kusubiri, unaweza kufanya muda wowote, na kunakukinga na panga na mishale. Hakukukingi na pigo la eneo zima. Bosi akiinua nyundo juu, usiviringike papo hapo ukidhani umekwepa: toka ndani ya duara.

Kuna zawadi za kudumu ambazo hazifai kurukwa hata kidogo. Ukimuua bosi Beira wa Clearfell, anatoa asilimia 10 ya kinga ya baridi. King in the Mists, kule Freythorn, anatoa Spirit 30, nguvu inayoshikilia wafuasi wako, na bila hiyo Witch anayeongoza mifupa anabaki na jeshi la kuhurumiwa. Candlemass, ndani ya Ogham Manor, anatoa uhai 20.

Sasa malalamiko yenye haki. Gemu ilipotoka tarehe 6 Desemba 2024 ilikuwa na sehemu tatu tu za hadithi, na ilikubidi uzirudie zote kwa ugumu wa juu. Ilichosha kweli. Sasisho la Agosti 2025 lilileta sehemu ya nne na visa vifupi vya katikati, marudio yakafutwa, na hilo peke yake limeifanya safari iwe na ladha. Sasisho la Aprili 2025, lililomleta Huntress, lilipunguza nguvu za ujuzi mwingi kwa pamoja, na hasira za wachezaji kwenye Steam zilikuwa za haki: mazimwi yalibaki na uhai uleule huku mikono ya mchezaji imelegezwa.

Ukimaliza hadithi, unacheza ramani za ziada zenye ugumu zaidi, na kufa humo kunakula asilimia 10 ya uzoefu unaohitajika kupanda kiwango. Kuanzia kiwango cha 90 hivi, hiyo ni jioni nzima ya kazi inayopotea kwa mlipuko uliofichwa na cheche za ujuzi wako mwenyewe. Adhabu naikubali; kutoona kilichoniua siikubali. Trial of the Sekhemas, jaribio la vyumba vingi, nayo bado inamwonea anayepigana kwa karibu, maana kila ukiguswa Honour (alama za heshima za jaribio hilo) inapungua, na ikiisha umeshindwa hata kama uhai umejaa. Tafuta relic (vifaa vya jaribio hilo) zenye Honour Resistance, inayopunguza upotevu huo, kabla ya kwenda.

Biashara imepona. Zamani ulimwandikia muuzaji ujumbe ukasubiri jibu lisilokuja. Sasa unanunua dukani kwake hata akiwa amelala, unalipa na ada ya dhahabu, unaondoka.

Gemu haichezeki bila intaneti, na kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi mpangilio wa mtandao ni muhimu kuliko picha. Chagua seva yenye ping (muda wa kwenda na kurudi kwa data) ndogo. Laini ikiwa inayumba, kwenye mipangilio weka Predictive, inayosogeza mhusika bila kungoja seva. Lockstep husubiri jibu la seva kabla ya kusogeza chochote, kwa hiyo kujiviringisha kunachelewa na unakufa ukiwa umeshabonyeza. Tenga GB 100, na ziwe kwenye SSD.

Dola 30 za kuingilia zinarudi kama pointi 300 za dukani. Zitumie kwenye kabati za kuhifadhia, ukianza na ile ya sarafu, na ngoja wikendi ya punguzo. Usinunue mavazi.

Anayetaka hadithi ya sehemu sita iliyokamilika asubiri: ya tano na ya sita hazijaingia, na siku gemu itakapokamilika itakuwa ya bure. Anayependa kukaa na kito kimoja, silaha moja na bosi mmoja mpaka aelewe kwa nini alishindwa, aingie sasa.