Uzoefu wangu na diff: ukiiacha ilivyo, utaichukia

Kila Ijumaa jioni napokea orodha mpya ya bei za vipuri, mistari kama elfu nne, na kazi yangu ni kujua nini kimepanda. Zamani nilikuwa nafungua faili zote mbili kwenye Excel na kuzikodolea macho. Sasa natumia diff ya GNU, programu ya kulinganisha faili mbili mstari kwa mstari, ambayo nilikuta tayari imo kwenye Linux yangu.

Ilivyo yenyewe haivutii. Inakutupia 212c212 (yaani mstari wa 212 umebadilika), mshale huku, mshale kule, ukalimani ufanye mwenyewe. Kilichonibakiza ni amri hii:

diff --old-line-format='ILIKUWA %L' --new-line-format='SASA (mstari %dn) %L' --unchanged-line-format='' juzi.csv leo.csv

%L ni mstari wenyewe, %dn ni namba yake, na pale palipoachwa patupu ndipo inapomezwa mistari isiyobadilika. Natoka na hiki:

ILIKUWA Bushi ya mbele,12000
SASA (mstari 212) Bushi ya mbele,13500

Nakopi, namtumia bosi WhatsApp, haulizi tena mishale ni ya nini. Ila bidhaa tano zinazofuatana zikibadilika kwa mpigo, zinakuja ILIKUWA tano kwanza, halafu SASA tano, na hapo unaanza kuhesabu kwa kidole. Siku hizo narudi kwenye -y --suppress-common-lines -W 160, inayopanga safu mbili ubavu kwa ubavu. Usipotaja upana inachukua herufi 130, na majina marefu yanakatwa mkia.

Kuhusu rangi: --color ilikuja na toleo la 3.4, mwaka 2016. Shida ni kwamba nyekundu na kijani kwangu ni mapacha, nimezaliwa hivyo. Nikaongeza --palette='ad=34:de=33', kilichoongezwa kikawa bluu, kilichotolewa njano. Hili peke yake ningelilipia.

Imeshanitesa pia. Kuna wiki orodha nzima ilionekana imebadilika, na bei ni zilezile! Kumbe aliyeiandaa aliihifadhi kwenye Windows, kila mstari ukabeba mwishoni herufi isiyoonekana. --strip-trailing-cr ilimaliza kazi, lakini nusu siku ilishakwenda. Halafu diff ikikuta tofauti inarudisha 1, namba inayosomwa kama hitilafu, kwa hiyo skripti yangu yenye set -e (inayoisimamisha hitilafu ikitokea) ilikuwa inakufa kimya kimya kila bei zilipobadilika, yaani siku ninazoihitaji. Mimi nalaumu seva.

Delta, programu nyingine inayopamba matokeo ya diff, nimeijaribu. Nzuri sana, hasa ukiiunganisha na git (inayotunza historia ya mabadiliko ya faili), lakini kwenye seva ya kazini siruhusiwi kusakinisha chochote, kwa hiyo imebaki kwenye laptopu ya nyumbani.

Amri yangu ndefu nimeiweka kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya terminali, kwa jina la linganisha. Jirani yangu wa meza keshainakili. Mipangilio yangu ya rangi kaifuta, karudisha nyekundu na kijani.