EA Sports WRC na setapu ya Naivasha: gemu nzuri, mwalimu mbovu

Wengi wanaonunua EA Sports WRC, gemu ya mbio za rali za dunia, hapa Nairobi wanaifuata Safari Rally ya Kenya tu. Wanachagua Toyota GR Yaris ya Rally1, daraja la juu la magari ya rali, wanaingia mkondo (kipande cha barabara kinachopimwa muda) wa Soysambu, na kabla hawajazoea vumbi gari limepiga tumbo kwenye jiwe na kulala ubavu. Lawama zote zinaenda kwa gemu: eti gari linateleza kama sabuni. Lawama hizo si za haki. Setapu, yaani marekebisho ya gari, inayokuja na gari imekusudiwa kumridhisha kila mtu kidogo, na barabara za Naivasha, nyumbani kwa Safari Rally, hazina huruma na mtu wa kidogo kidogo.

Ukurasa wa setapu wenyewe ni mzuri kuliko wa gemu nyingi za rali. Kuna alainimenti (mkao wa magurudumu), breki, difu, gia, shoki, na springi pamoja na kimo cha gari. Fundi wa Grogan, mtaa wa gereji wa Nairobi, angejisikia nyumbani. Tatizo ni maelezo: kila kitu kinapewa sentensi moja ya Kiingereza cha kiwandani, na hakuna anayekuambia uanzie wapi. Basi wachezaji wanaanzia gia, mahali ambapo faida ni ndogo kabisa.

Anzia kimo. Kwa Kenya, inua gari vidato (hatua za kipimo cha gemu) viwili au vitatu, mbele na nyuma kwa kiasi kimoja. Ukiinua nyuma peke yake, uzito unaegemea puani na mkia unakuwa mwepesi kila ukishika breki. Gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona, na hapo wengi hukimbilia kukaza springi. Usifanye hivyo. Springi ngumu hufanya tairi liruke juu ya mawe badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halishiki wala halikati kona. Legeza springi kidato kimoja, kisha kama bodi bado inalala mno, kaza stabilaiza (chuma kinachozuia bodi kulala) ya mbele au ya nyuma kidogo. Ya nyuma ikikazwa, gari linakata kona kwa wepesi zaidi. Ya mbele ikikazwa, pua inagoma.

Shoki ndizo zinazostahili jioni nzima. Gemu imezigawa mara nne: kubonyea polepole, kubonyea kwa kasi, kurudi polepole na kurudi kwa kasi. "Polepole" haihusu mwendo wa gari. Inahusu mwendo wa shoki yenyewe. Ukikata usukani au ukikanyaga breki, bodi inaegemea taratibu, na hiyo ndiyo polepole. Jiwe, shimo na kutua baada ya kuruka ndiyo kasi. Kwa mawe ya Naivasha, legeza kubonyea kwa kasi kidato kimoja au viwili. Tumbo likianza kugonga kila ukitua, umezidisha, rudisha kimoja. Kosa kubwa ni kukaza kurudi kwa kasi ukidhani gari litatulia. Kwenye mashimo yanayofuatana tairi halipati muda wa kurudi chini, gari linazidi kuzama kwenye springi zake, na shimo la nne au la tano linalirusha kando bila onyo. Kinyume chake, ukilegeza mno, gari likitua linadunda kama mpira na mkia unapaa. Tafuta pale linapotua, linadunda mara moja, basi.

Difu, inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ina namba mbili za kuangalia: kiasi cha kuyafunga yazunguke pamoja ukikanyaga mafuta, na kiasi hicho ukiachia. Kama pua inakataa kuingia kona ukiwa umeachia mafuta, punguza ya pili kwa difu ya mbele. Kama gari linayumba ukishika breki kwenye mteremko, ongeza ya pili kwa difu ya nyuma. Nguvu ya breki zenyewe isogeze kwa magurudumu ya nyuma asilimia mbili au tatu, si zaidi. Ukipitisha hapo, mkia utakuja mbele kukusalimia.

Gia: kama injini inapiga ukomo kabla mnyoofu haujaisha, refusha gia ya mwisho. Kama haifiki, fupisha. Alainimenti iache ilivyo mpaka mengine yakae sawa. Matairi magumu kwa ukame, laini kukinyesha.

Badilisha kitu kimoja, rudia mkondo uleule kwenye mbio za kushindana na saa, kisha hifadhi kwa jina linaloeleweka. Anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo hajui ni kipi kilichomsaidia. Na kama unatumia padi, kwanza punguza wepesi wa usukani kwenye mipangilio ya padi, maana kidole kizito kwenye kijiti huonekana kama setapu mbaya.

Kabla ya kulipa: inachezeka PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta, si PlayStation 4. Toleo la kompyuta lilitoka Novemba 2023 likiwa na kigugumizi cha picha, na masasisho yaliyofuata yaliboresha mambo, ila mashine dhaifu bado itahema. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa hakuna nyongeza nyingine itakayotolewa, kwa hiyo usinunue ukitarajia misimu mipya. Nunua kwa sababu ya hisia za gari kwenye kokoto. Kwa hilo ningeipa nane juu ya kumi, na ukurasa wa setapu ningeupa tisa kama ungekuwa na mwongozo wa maana wa kurasa mbili.