runif au sample: kuchota namba nasibu kwenye R

Katika R, lugha ya programu ya takwimu, runif hutoa desimali: runif(5, min = 10, max = 20) inakupa namba tano kati ya 10 na 20. sample huchota kutoka orodha unayoipa, mfano sample(1:6, 10, replace = TRUE) kwa dadu. Ukisahau replace, namba hazijirudii, na R itagoma kutoa namba 10 kutoka kwenye sita.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutengeneza dadu kwa round(runif(n, 1, 6)). round hukadiria hadi namba kamili iliyo karibu, hivyo namba 1 inapata desimali za 1 hadi 1.5 tu, wakati 2 inapata 1.5 hadi 2.5. Matokeo yake, 1 na 6 hutoka kwa asilimia 10 kila moja, na nyingine asilimia 20. Hapo tumia sample.

runif ni bora pale mipaka inapotofautiana: runif(3, min = c(0, 10, 100), max = c(1, 20, 500)) inatoa namba moja kwa kila jozi ya mipaka. sample haifanyi hivyo kwa mkupuo mmoja. Ukitaka namba kamili, ongeza 1 kwenye kila max, kisha pitisha floor, inayoshusha desimali hadi namba kamili ya chini yake.

sample nayo ina mtego: sample(x), x ikiwa ni 7 peke yake, huchanganya 1 hadi 7 badala ya kurudisha 7. Kagua length(x), yaani idadi ya vitu ndani ya x, kwanza.

Kwa zote mbili, anza na set.seed, inayoweka mbegu (namba ya kuanzia uchotaji), ili matokeo yarudiwe. Ila toleo 3.6.0 la R la mwaka 2019 lilibadilisha uchotaji wa sample, kwa hiyo kodi ya zamani inaweza kutoa namba tofauti kwa mbegu ileile, runif haikuguswa.