Kifungua kinywa: mgahawa wa mtaani au tawi la kampuni kubwa?

Wengi huuliza ni wapi bora kupata kifungua kinywa, kwenye mgahawa mdogo wa mtaani wenye viti visivyofanana na kuta zilizojaa picha za kila aina, au kwenye tawi la kampuni kubwa yenye migahawa mingi.

Kwa kutegemeka, tawi linashinda: vipimo vya chakula havibadiliki na mlango hufunguliwa saa iliyotangazwa. Mgahawa wa mtaani humtegemea mtu mmoja au wawili, na mpishi akiugua, huenda ukakuta umefungwa.

Kwa ladha, hata hivyo, mimi huegemea upande wa mtaani, kwa sababu yai linalokaangwa baada ya kuagizwa hubaki laini, ilhali lile lililopikwa mapema na kuwekwa kwenye joto hukakamaa, kwani protini zake huendelea kuganda. Na kahawa iliyosagwa papo hapo, ikamiminiwa maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 za selsiasi, ina harufu ambayo kahawa iliyosagwa siku nyingi imekwisha kuipoteza. Si kila mgahawa mdogo unaojali hayo, kwa hiyo ni vyema kuchungulia jikoni kabla ya kuketi.

Kuhusu gharama, linganisha kiasi cha chakula, si bei pekee.

Mwenye dakika 15 kabla ya kazi atafaidika zaidi na tawi; mwenye asubuhi nzima, au mgeni mtaani anayetamani kufahamiana na majirani, atafaidika zaidi na ule mgahawa mdogo, mradi asiwe na haraka.