Intaneti ya nyumbani Uganda: ipi inakugharimu kidogo siku ya kuiacha?

Wakala wa intaneti akigonga geti hapa Kampala atakutajia kasi na bei ya mwezi. Kuna jambo la tatu ambalo halitaji mpaka umuulize: utadaiwa kiasi gani siku ukitaka kuacha au kuhamia kampuni nyingine. Kwa mpangaji, hilo ndilo la kuuliza kwanza. Wengi wetu tunalipa kodi ya mwezi kwa mwezi, au miezi 3 kwa mkupuo. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake anatoa notisi ya mwezi mmoja. Kazi ikikupeleka Mbarara au Gulu, hakuna anayekuuliza mkataba wako wa intaneti umebakiza nini. Lakini mkataba wenyewe unaweza kuwa wa miezi 12 au 24, na jina lililoandikwa pale ni lako, si la nyumba.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa gharama ya kutoka. Kasi unaweza kuijaribu kwa jirani jioni moja kabla hujatoa pesa. Masharti ya kuvunja mkataba hayajaribiki. Ni ya kusoma tu.

Nafasi ya kwanza: ruta ya laini uliyoinunua mwenyewe

MTN na Airtel zote zinauza ruta za nyumbani za 4G, na tangu 2023 zote mbili zina 5G katika sehemu za Kampala na baadhi ya miji. Unanunua ruta, laini inasajiliwa kwa kitambulisho chako, unalipia kifurushi cha mwezi kwa pesa za simu. Ni kama umeme wa Yaka: uniti zikiisha taa zinazimika, na hakuna bili inayokufuata nyuma. Ukihama unaitia ruta kwenye begi na kuiwasha nyumba mpya siku hiyohiyo, mradi huko mtandao unashika vizuri.

Gharama ya kuacha hapa iko kwenye ruta yenyewe. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya ofa zimefungwa zisipokee laini ya kampuni nyingine, kwa hiyo ukibadili mtandao unanunua kifaa upya. Africell ilipoondoka Uganda Oktoba 2021, kifaa kilichokubali laini yake pekee hakikuwa na kazi tena. Nenda dukani na laini ya mtandao mwingine mfukoni, omba waiweke kwenye ruta mbele yako, uone kama inakamata. Ikigoma, uliza kama kampuni huifungua, baada ya muda gani na kwa shilingi ngapi. Ruta iliyo huru ikizidi bei kidogo, inunue hiyo.

Udhaifu wake ni jioni. Mnara mmoja unahudumia mtaa mzima, na saa 2 usiku kila mtu yuko nyumbani. Pia kifurushi kinachotangazwa kuwa hakina kikomo mara nyingi kina kiwango ambacho ukikipita kasi inashushwa. Waulize kiwango hicho ni GB ngapi na kasi inashuka hadi ngapi. Kwa nyumba ya watu wawili watatu, hata hivyo, mimi ningeanza hapa bila kusita.

Ya pili: faiba ya mwezi kwa mwezi, uliyolipia kuunganishwa

Kampuni kama MTN, Roke Telkom na Liquid zimetandaza faiba Kampala, na mitaa ya wapangaji kama Ntinda, Naalya, Kisaasi na Kansanga imejaa mawakala. Ukikubali kulipa ada ya kuunganishwa mwanzoni, baadhi ya kampuni zitakuacha huru kuondoka mwezi wowote. Kuondoka kutakugharimu ada hiyo uliyokwisha kuilipa, kwa sababu hairudi, na waya hauuhamishi.

Kabla ya kulipa ada ya kuunganishwa mara ya pili kwa kampuni nyingine, uliza waya unaopita barabarani kwako ni wa nani. CSquared, ambayo mizizi yake ni mradi wa Google ulioanza Kampala mwaka 2013, inakodisha njia za faiba kwa kampuni zinazouza intaneti. Inawezekana kabisa kampuni unayoikimbia na unayoikimbilia zinapita kwenye njia moja. Trekta likikata waya ule, zote mbili zinazimika pamoja. Kama shida yako ni kukatikakatika, kubadili kampuni namna hiyo ni kununua jina jipya kwenye risiti. Kama shida ni huduma mbovu kwa wateja au bei, basi una sababu ya kuhama, na unaweza hata kuomba punguzo la ada maana sehemu kubwa ya kazi ilishafanyika.

Ya tatu: intaneti inayokuja na nyumba

Siku hizi apatimenti nyingi zinatangazwa na intaneti ndani ya kodi. Kutoka ni bure, unaacha funguo na yote yamekwisha. Tatizo ni kwamba huna sauti: kampuni imechaguliwa na mwenye nyumba, kasi mnagawana jengo zima, na yeye asipolipa mnazimiwa wote. Muulize mpangaji wa ghorofa ya juu, usimuulize msimamizi wa jengo. Muulize pia kama mwenye nyumba anaruhusu kampuni nyingine kuingiza waya wake, kwa sababu wengine wana makubaliano na kampuni moja tu.

Ya nne: "kuunganishwa bure" kwa mkataba

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hakuna kampuni inayotuma mafundi wawili, ngazi, waya wa mita 200 na ruta bila kuhesabu pesa zake. Neno bure linamaanisha gharama imetawanywa kwenye miezi ya mkataba, na ukiondoka kabla, wanaidai. Hilo ni haki yao kwa kiasi fulani. Swali ni wanaidai vipi, na kuna njia mbili zilizo mbali sana kwa bei.

Chukua mfano, tarakimu ni za kupigia hesabu tu. Kifurushi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 12, kuunganishwa kwa kawaida ni 300,000 lakini wewe umepewa bure. Unahama baada ya mwezi wa 5. Kampuni ya kwanza inakudai ada ya kuunganisha iliyobaki kwa uwiano: miezi 7 kati ya 12 ya shilingi 300,000, yaani 175,000. Kampuni ya pili inakudai miezi yote iliyosalia: 7 mara 150,000, yaani 1,050,000. Vipeperushi vyao vilifanana, bei ya mwezi ilikuwa ileile, na tofauti yote ilikuwa kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa nyuma. Mteja wa kampuni hiyo ya pili angelipa 300,000 zake mwanzoni na kubaki huru, angeokoa shilingi 750,000.

Sasa ongeza kodi za serikali. Ushuru wa 12% kwa data ya intaneti ulianza Julai 2021, ulipoondolewa ule wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii, na juu yake kuna VAT ya 18%. Bei ya 100,000 kabla ya kodi inakuwa 112,000, kisha 132,160. Wakala akikutajia bei, muulize kama kodi zimo ndani. Muulize tena kuhusu kiasi cha kuvunja mkataba, kwa sababu hicho nacho kinaweza kuandikwa bila kodi kisha kikaja na kodi kwenye ankara.

Dada mmoja tuliyepanga naye jengo moja Kyaliwajjala alihamia Mukono, mahali ambapo faiba ya kampuni yake haikuwa imefika. Akadhani hilo linamtoa: wao ndio wameshindwa kumfuata. Kumbe mkataba ulisema mteja akihama "atalipia kipindi kilichosalia", na haukusema neno kuhusu kampuni kushindwa kumfikia. Alibishana nao kwenye simu wiki nzima. Kilichomwokoa ni mpangaji aliyekuwa anaingia kwenye ile nyumba, kijana aliyetaka intaneti. Walikwenda ofisini pamoja, mkataba ukahamishwa jina kwa ada ndogo, na dada akaondoka na karatasi inayosema hadaiwi. Kumbuka njia hiyo. Kampuni inataka mteja anayelipa, na mara nyingi haijali jina lake ni nani.

Kwa hiyo, wakala akiwa mbele yako, muulize hivi: "Kaka, nikihama mwezi wa 5 na huko hamjafika, nitalipa shilingi ngapi jumla?" Akikujibu "Usijali mama, hakuna shida, tutaongea," mwombe akuonyeshe kipengele chenyewe, au akuandikie jibu kwa WhatsApp kutoka namba ya ofisi. Jibu la mdomo halitakusaidia, maana wakala wa mwezi huu huenda mwezi ujao hayupo. Angalia pia kama mkataba unajirefusha wenyewe ukifika mwisho usipoandika barua. Ukiona kipengele hicho, weka tarehe kwenye simu yako siku 40 kabla.

Mkataba huu unafaa kwa mtu aliye kwenye nyumba yake mwenyewe, au ofisi ndogo yenye pango la muda mrefu. Wengine waupite.

Za mwisho kabisa

Njia ya kulipa mwaka mzima mbele kwa ahadi ya mwezi mmoja au miwili ya bure nimeiweka chini kwa sababu moja: ukiwa na mkataba unaweza angalau kubishana kabla hujalipa, lakini hapa pesa zako ziko kwao tayari. Kama mkataba hausemi kwa maandishi kwamba salio linarudishwa, hesabu halirudi.

Na vifaa vya Starlink, intaneti ya setilaiti, vinavyoletwa kutoka Kenya au Rwanda, acha. Hadi mwanzoni mwa 2026 kampuni hiyo haikuwa na leseni ya kuhudumia Uganda, na kifaa kinachozimwa hakina ofisi ya Kampala ya kukilalamikia.

Ukishaamua kuondoka

Uingereza, tangu Septemba 2024, mteja anaiambia kampuni mpya tu, nayo inashughulika na ile ya zamani. Kwetu kazi zote mbili ni zako, kwa hiyo utaratibu ni muhimu. Usisitishe ya zamani kabla mpya haijawaka sebuleni na kukaa siku kadhaa.

Kisha andika barua au barua pepe ya kusitisha, ukifuata siku za notisi zilizo kwenye mkataba. Kuacha kulipa peke yake hakutoshi kama mkataba wako ni wa bili: huduma itakatwa, lakini akaunti itabaki wazi na deni litaendelea kukua. Rudisha ruta, kile kisanduku cheupe cha faiba ukutani na chaja zake zote. Piga picha ya namba iliyobandikwa chini ya kila kifaa kabla hujakiachia, na usitoke ofisini bila risiti inayotaja namba hizo. Vifaa "visivyorudishwa" ndivyo vinavyoongezwa kwenye ankara ya mwisho, na bila risiti huna la kusema. Omba pia barua inayosema akaunti imefungwa na hudaiwi.

Wakikudai kiasi kinachokushangaza, jua kwamba tarakimu iliyo kwenye mkataba si neno la mwisho. Sheria ya Mikataba ya 2010 inasema kiasi kilichotajwa kuwa malipo ya kuvunja mkataba ni ukomo wa juu, na anayelalamika anastahili fidia inayofaa isiyozidi hapo. Kampuni iliyokwisha kuchukua vifaa vyake na kumuunganisha mpangaji mpya kwa waya uleule ina kazi ya kueleza hasara yake ya miezi 7 iko wapi. Liandike hilo kwenye malalamiko yako, kwa kampuni kwanza, na chukua namba ya malalamiko. Wasipojibu au wakikujibu ovyo, yapeleke Tume ya Mawasiliano, UCC, makao makuu yake Bugolobi, pamoja na mkataba, risiti za vifaa na mawasiliano yote. Na kama wewe ndiye unayewadai, tuseme amana ya ruta au salio la mwaka, utaratibu wa madai madogo mahakamani unapokea kesi hadi shilingi milioni 10, na huhitaji wakili. Anza kwa kuwapelekea barua ya madai, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi yao.