Kuulizwa hali kila Jumatatu: uzoefu wangu na ujumbe mfupi wa kliniki

Natumia ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa mwaka wa nne sasa, na kwa miaka miwili na nusu ya mwisho nimekuwa nikipokea ujumbe mfupi wa maandishi kutoka kliniki ninakochukulia dawa. Naandika kwa ajili ya wanawake wenzangu ambao wameulizwa kama wangependa kuandikishwa katika huduma ya namna hii, na ambao wanasita kutoa namba ya simu kama nilivyosita mimi.

Kusita kwangu kulikuwa na sababu. Nilipojiunga, ujumbe ulikuwa ukiingia kila siku saa tatu usiku, ukisema waziwazi kwamba muda wa kumeza dawa umefika. Kwa mtu ambaye simu yake haiguswi na mwingine, huenda huo ni msaada mtupu. Simu yangu mimi ilishikwa na watoto, na mara nyingine na wifi yangu, na ni yeye aliyeusoma ujumbe huo kwa sauti jioni moja, kisha akauliza ni dawa ya nini. Nilimjibu kuwa ni ya presha. Tangu jioni hiyo nikawa nazima simu kabla ya saa tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kuungoja mlio wake, katika wiki mbili zilizofuata niliruka dozi nne. Huduma iliyoletwa ili nisisahau dawa ndiyo iliyonifanya nizisahau.

Muuguzi hakunikemea nilipomweleza. Alinihamishia kwenye utaratibu wa pili, wa ujumbe mmoja kwa wiki, ambao hautaji dawa, wala ugonjwa, wala jina la kliniki. Hufika Jumatatu asubuhi ukiwa na neno moja: "Mambo?" Nikiwa mzima najibu "Sawa", nikiwa na tatizo lolote najibu "Shida" na muuguzi hunipigia, nikinyamaza kwa siku mbili hunipigia vilevile. Wifi yangu ameuona mara kadhaa na huniletea simu akisema rafiki yangu ananisalimia.

Baadaye nilijifunza kwamba utaratibu huu ulijaribiwa nchini Kenya kwa watu 538 walioanza ARV kati ya mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Miongoni mwa waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema walimeza dawa zao ipasavyo, wakati kwa wasiotumiwa walikuwa asilimia 50. Na vipimo vya damu vilionyesha virusi vimefubazwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili. Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka uliofuata, uliona kwamba ujumbe wa kila wiki ulisaidia lakini wa kila siku haukuleta tofauti. Sikushangaa hata kidogo. Kukumbushwa ni kitu kimoja na kuulizwa hali ni kitu kingine, na anayekumbushwa kila siku bila kuulizwa huanza kujiona kama mtu anayesimamiwa.

Thamani ya neno "Shida" niliijua nilipopata ujauzito. Nilianza kupewa vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, na kwa sababu nilitaka kumaliza dawa zote kwa mkupuo mmoja, nilivimeza pamoja na kidonge changu cha ARV, alfajiri, kabla sijatia chochote tumboni. Kichefuchefu kikanizidi. Nilituma "Shida" kwa ajili ya kichefuchefu tu, wala sikujua kwamba nilikuwa na kosa jingine. Muuguzi alipopiga aliniambia, "Dada, nitajie vidonge vyote unavyomeza, na saa unayomeza kila kimoja." Ndipo akanieleza kwamba chuma na kalsiamu huizuia dolutegravir, iliyomo katika kidonge changu, kufyonzwa vizuri tumboni: ama nivimeze vyote pamoja na chakula, ama nimeze ARV saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Hakuna kikumbusho cha saa tatu usiku ambacho kingeligundua kosa hilo, kwa maana dozi sikuwa nimeruka hata moja.

Kipimo cha wingi wa virusi nilichofanyiwa kabla ya kujifungua kilionyesha kuwa havionekani. Mama akiwa katika hali hiyo, hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua sana, na mwenzi wake hawezi kuambukizwa kwa njia ya ngono. Miezi ya kunyonyesha ilikuwa migumu zaidi kuliko ujauzito, kwa kuwa usiku na mchana vilichanganyika. Nilisahau mara mbili, na mara zote nilielekezwa kumeza nilipokumbuka bila kuongeza dozi juu ya dozi.

Kasoro zipo, na zinawagusa zaidi wale wenye kidogo. Jibu langu hukatwa salio, hivyo zimekuwapo wiki nilizonyamaza kwa kukosa salio tu, na muuguzi akapiga akiwa na wasiwasi usio na sababu. Mama mmoja tuliyekuwa tukikutana naye kliniki hajui kusoma, na ujumbe wake ulisomwa na binti yake, jambo ambalo hakulichagua. Nilipopoteza laini yangu nilikaa wiki tano bila kuulizwa chochote, na hakuna aliyenitafuta kwa njia nyingine. Nimeiomba kliniki iandike namba ya pili ya mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemwamini, na imfanye kila anayeandikishwa achague maneno ya ujumbe wake kabla haujatumwa wa kwanza. Hilo la maneno limekubaliwa. La namba ya pili bado nalifuatilia.